Muhogo, vita na miguu iliyokakamaa

Ugonjwa wa konzo haumnyemelei mtu. Mtoto aliyepanda mlima jana na dumu lake la maji huamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, visigino havitaki kugusa chini. Hana homa wala kidonda. Kwa kawaida, chini ya wiki moja ugonjwa umeshafanya kazi yake yote. Hauzidi mwaka hadi mwaka kama Parkinson, na ulemavu uliouacha hauondoki.

Kilichojeruhiwa si mfupa wala msuli. Ni neva zinazoshusha amri za mwendo kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo. Zikiharibika, misuli hubaki imejikaza bila kulegea, na daktari akigonga goti kwa nyundo yake ndogo mguu huruka kupita kiasi. Wapo wanaotembea bila msaada kwa hatua za mkasi. Wapo wanaohitaji fimbo moja au mbili. Na wapo wanaotambaa. Wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu mwaka 1938 huko Kwango, magharibi mwa Kongo, na kwa miaka mingi wengi waliuona kama balaa la upande ule. Kisha, mwaka 2011, daktari wa neva Joëlle Chabwine na wenzake wakachapisha taarifa ya kuonekana kwa konzo Kivu Kusini, jimbo la mashariki mwa nchi hiyo lililochoshwa na vita.

Anayeijua Walungu, eneo la jimbo hilo, hashangai sana. Ng'ombe walikuwa mali na heshima ya Bashi, wenyeji wa huko. Tangu vita vya 1996 mifugo mingi imeporwa, na maziwa na nyama vimepungua mezani. Ugonjwa wa mimea uitwao batobato umepunguza mavuno ya muhogo. Familia inayolala porini kwa hofu ya wenye bunduki haiwezi kuacha muhogo majini siku nne ikiusubiri ulainike. Hung'oa upesi, hukausha upesi, hutwanga na kupika.

Haraka hiyo ndiyo hatari. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikikutana na kimeng'enya cha mmea wenyewe hutoa sianidi. Ukiloweka au kuchachusha vizuri, sumu karibu yote hutoka. Hata mwili una kinga yake: hutumia salfa inayopatikana katika protini kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali ule, kikatoka na mkojo. Lakini salfa hiyo hutoka kwenye maharage, samaki, maziwa, mayai. Anayekula bugali (ugali wa muhogo) na sombe (majani ya muhogo) peke yake wiki baada ya wiki huishiwa na kinga huku sumu ikizidi kuingia. Bushi, nchi ya Bashi, imeijua kwashiorkor, utapiamlo wa kukosa protini, tangu enzi za ukoloni. Konzo hupita mlango uleule.

Ndiyo maana ramani ya konzo hufuata ukame na vita. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, watu zaidi ya 1,000 walipooza. Tarime, Tanzania, William Howlett na wenzake waliwachunguza wagonjwa 39 na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Ni makosa kumlaumu mama kwa kutojua kupika. Ujuzi anao, alichonyang'anywa ni muda, usalama na kitoweo.

Howard Bradbury wa Canberra, Australia, alitafuta njia inayolingana na muda huo mfupi. Unga hutiwa katika beseni na usawa wake huwekewa alama. Maji huongezwa huku ukikoroga. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda tena hadi kwenye alama. Hapo hutandazwa mkekani, usizidi unene wa sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, na hupikwa siku hiyohiyo. Sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo huruka hewani kwa urahisi. Wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, Kwango, walifundishwa njia hii kuanzia mwaka 2010, na katika muda wa ufuatiliaji hakukuonekana mgonjwa mpya.

Kwa waliokwisha kupooza hakuna dawa ya kurudisha neva. Yapo mazoezi ya viungo, fimbo zinazowafaa kwa urefu, dawa za kulegeza misuli kama baklofeni, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino. Mjini Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinawahudumia walemavu kwa tiba ya viungo. Safari ya kutoka Walungu kwenda kumwona daktari mjini ina sababu nyingine pia: kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huweza kudhoofisha miguu ya mtoto, na hicho kina dawa, mradi kitambuliwe kabla hakijauvunja mgongo.