Upokezi wa Filamu za Mira Nair: Kutoka Venice hadi Bonde la Ufa

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuihakiki kazi kwa kuanzia kwa mtunzi au katika matini yenyewe. Nadharia ya upokezi huanzia kwingine: kwa hadhira. Hans Robert Jauss, aliyeweka msingi wake katika mhadhara wa mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alishikilia kwamba kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya kazi alizokwisha kuzisoma, kaida anazozijua na maisha anayoyaishi. Upeo ukibadilika, maana nayo hubadilika. Nadharia hii hufundishwa aghalabu kwa mifano ya riwaya na ushairi, ingawa filamu, ambayo huvuka mipaka upesi kuliko kitabu, hudhihirisha tofauti za upokezi kwa uwazi zaidi. Kazi za Mira Nair ni mfano mwafaka, hasa kwa kuwa baadhi yazo zinahusu Afrika Mashariki.

Nair alizaliwa Rourkela, India, mwaka 1957, akasomea Delhi na baadaye Harvard, Marekani. Filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni, Salaam Bombay! (1988), inasawiri maisha ya watoto wa mitaani. Ilishinda tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes, kisha ikateuliwa kuwania Oscar. Nchini India, sifa za namna hii zina historia yenye utata. Mwaka 1980 mwigizaji Nargis, aliyekuwa mbunge, alimshutumu Satyajit Ray kwamba alikuwa akiusafirisha umaskini wa India ili usifiwe ng'ambo. Ray alikuwa ametuzwa Cannes mwaka 1956 kwa Pather Panchali. Kile ambacho Mzungu alikiita ubinadamu, Nargis alikiona kuwa fedheha ya taifa, na filamu ni ile ile. Mtunzi yeyote wa India anayetukuzwa Ulaya hukutana na kivuli cha shutuma hiyo, na Nair, aliyeishi ugenini, hangeweza kukikwepa.

Filamu inayowagusa watu wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi ni Mississippi Masala (1991). Jay, wakili wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Uganda, anafukuzwa pamoja na mkewe na bintiye Mina baada ya Idi Amin kutangaza, tarehe 4 Agosti 1972, kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Miaka inapita. Familia inaishi Greenwood, Mississippi, na Mina anapendana na Demetrius, Mmarekani mweusi anayeigizwa na Denzel Washington. Jamii zote mbili zinakasirika. Jay naye hachoki kuidai serikali ya Uganda mali yake.

Huko Venice, Sooni Taraporevala alituzwa kwa mswada wa filamu hii. Wahakiki wengi wa Marekani waliipokea kama hadithi ya mapenzi yanayovuka rangi, na ladha ya neno masala ikawa sehemu ya ugeni wake. (Mwanafunzi wa Njoro anayenunua pilau masala dukani hauoni ugeni huo.) Lakini hata Marekani hawakuwa na kauli moja. bell hooks na Anuradha Dingwaney waliihakiki vikali mwaka 1992, wakidai kwamba filamu inajifanya kuupinga ubaguzi ilhali inaendeleza taswira finyu za jamii inazozisawiri. Kwa hivyo si sahihi kusema kwamba nchi fulani ilisifu na nyingine ikalaumu. Ndani ya nchi moja mna hadhira nyingi, na kosa la kuzichanganya hutendwa mara kwa mara katika insha za wanafunzi.

Je, mtazamaji wa Nakuru huijia filamu hii na upeo gani? Kwanza, reli. Baadhi ya waliofukuzwa mwaka 1972 walisafiri kwa garimoshi kutoka Kampala hadi Mombasa, na njia hiyo hupita Nakuru, mji uliokua kutokana na reli ile ile iliyojengwa na vibarua wengi kutoka India. Pili, Kenya yenyewe haikuwa mtazamaji asiye na hatia. Sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia, maelfu wakakimbilia Uingereza, nayo Uingereza ikapitisha sheria ya kuwazuia mwaka 1968. Ni mwaka 2017 tu ambapo serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44.

La tatu ndilo zito. Mwaka 1992, filamu ilipokuwa ikionyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani, nyumba zilikuwa zikichomwa Molo, na watu wakiambiwa warudi kwao, ilhali wengi wao hawakuwa na kwingine. Mapema mwaka 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofurushwa. Swali la Jay, iwapo kuzaliwa mahali kunampa mtu haki ya kupaita kwao, si swali la Wahindi peke yao katika Bonde la Ufa. Mtazamaji aliyelala hemani hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu mzima ang'ang'anie barua za madai kwa miaka mingi.

Mtazamaji huyo huyo, hata hivyo, ana haki ya kuudhika. Okelo, rafiki wa Jay tangu utotoni, ndiye anayemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi, naye anatoweka katika hadithi hadi Jay anaporudi Kampala na kuarifiwa kwamba alikwisha kuuawa. Kifo chake kinamsaidia Jay kutua mzigo wa chuki. Mzigo wa Okelo mwenyewe hausimuliwi. Utawala wa Amin uliwaua Waganda wengi, lakini filamu inautazama hasa kupitia dirisha la wale walioondoka.

Miaka 25 baadaye Nair alirudi Kampala na Queen of Katwe (2016), kuhusu mchezaji sataranji Phiona Mutesi. Hapa dirisha limehama: Mwafrika yuko katikati, na Lupita Nyong'o anaigiza mama. Wahakiki wa Marekani waliisifu, lakini mapato yake, takriban dola milioni 10, hayakufikia gharama ya milioni 15. Wahusika wake wanazungumza Kiingereza, katika mtaa ambao Kiluganda ndicho lugha ya soko na ya nyumbani. Kwa kampuni ya Disney huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara. Kwa mhakiki wa Kiswahili ni suala la upokezi: hadhira iliyokusudiwa imeandikwa tayari katika vinywa vya wahusika, na mwana wa Katwe anajisikia akisemeshwa mbele ya wageni kwa lugha asiyogombezwa nayo na mamake.