Nguvu Katika Judo: Kocha Mwema Huanzia Wapi?



Miongoni mwa jamaa zetu wa pwani wanaoishi Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, wapo wazazi ambao watoto wao wameomba ruhusa ya kujifunza judo. Wazazi hao huuliza: je, mazoezi ya kutafuta nguvu hayatamdhuru mtoto? Swali hili lastahiki jawabu, kwani mwili ni amana.

Mieleka si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu miongoni mwa Makureshi, akampiga mwereka. Na ni yeye aliyetufunza kuwa mwenye nguvu hasa si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Makocha wenye ujuzi hufuata utaratibu unaokaribiana na maana hiyo: kujimiliki kwanza, nguvu baadaye.

Judo iliasisiwa Tokyo mwaka 1882 na Kano Jigoro, mwalimu mwenye umbo dogo, na msingi wake ni kuzitumia nguvu kwa njia iliyo bora, bila ya kuzipoteza. Ndiyo maana somo la kwanza ni kuanguka. Mtoto hufunzwa kukiinamisha kidevu kifuani na kuupiga mkeka kwa mkono, ili kishindo kisikusanyike mahali pamoja. Kisha hufuata mbinu. Kunyanyua vyuma huja mwisho, na kwa mtoto mdogo uzito wa mwili wake mwenyewe watosha.

Pambano la watu wazima ni dakika 4. Wakitoshana, huongezewa muda usio na kikomo mpaka mmoja ashinde. Tena mshindani huweza kupambana mara kadhaa kwa siku moja. Basi kocha hatafuti misuli ya kujionyesha. Hutafuta mshiko usiolegea, kiuno na mapaja imara, shingo madhubuti na pumzi irudiyo upesi. Vifaa si lazima viwe vya ghali: taulo hutundikwa kwenye mtaimbo na mwanafunzi akajivuta juu kwa kuishika, mpira wa ndani wa baiskeli hufungwa mtini, akauvuta kwa mwendo uleule wa kumtupa mpinzani. Mbinu hufunzwa mwili ungali na nguvu, kwani aliyechoka hukosea, na kosa moja laweza kuteguza bega. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kijana aliyetoka Lamu au Mombasa juzi hana budi kupewa muda pumzi yake izoee.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kupunguza uzito kwa haraka ili mtu aingie daraja la chini. Mwaka 1997, huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walifariki katika muda wa majuma machache wakijitoa jasho na kujinyima maji kwa ajili hiyo. Huko ni kuidhuru nafsi, na sharia imekataza. Kocha amwambiaye mtoto asinywe maji ili apungue, mzazi na amtoe mwanawe siku hiyohiyo.

Katika Ramadhani, kocha mwenye busara hupunguza ukali wa mazoezi, akayasogeza karibu na futari au baada ya tarawehe. Mwezi huo hulenga kuzihifadhi nguvu, si kuziongeza.

Basi kabla ya kumwandikisha mwanao, muulize kocha mambo matatu: watoto hujifunza kuanguka kwa muda gani kabla ya kutupana? Hupumzika siku ngapi kwa juma? Na mtoto aliyezidi uzito hufanywa nini? Akikujibu kwa utulivu na kwa maelezo, kaa utazame somo moja. Akikuona msumbufu, jibu umeshalipata.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Wabillahi tawfiq.