Kipindupindu: Sumu Inayonyang'anya Maji

Mabomba yanapokauka hapa Berea, wengi wetu hupandisha maji ngazi kwa ngazi, na ndoo moja hukaa jikoni siku kadha ikichotwa na kila mkono. Ndoo hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike juu ya kipindupindu.

Tusidhani ni maradhi ya mbali. Mwezi wa Februari 2023, wagonjwa wa kwanza kutangazwa walikuwa ndugu wawili wa kike waliorejea Johannesburg kwa basi kutoka Malawi, ambako maradhi yalikuwa yamepamba moto. Mwezi wa Mei yakazuka Hammanskraal, kaskazini ya Pretoria, yakaua watu zaidi ya 20. Nasi pia tu wasafiri wa mabasi.

Kijidudu chake huingia kwa maji au chakula kilichopatwa na kinyesi cha mgonjwa. Hakishambulii damu, hung'ang'ania utumboni na kutoa sumu. Sumu hiyo, aliyoithibitisha mtaalamu S. N. De wa Calcutta mwaka 1959, huulazimisha utumbo kumwaga chumvi, nayo chumvi huvuta maji ya mwili. Mgonjwa huharisha mfano wa maji yaliyooshewa mchele, pengine lita nzima kwa saa. Macho hudidimia, mkojo hukatika, misuli hukaza. Asipotibiwa aweza kufa siku ile ile.

Basi kinachoua ni kukaukiwa maji, na hapo ndipo ilipo tiba. Sumu haizuii njia ambayo sukari na chumvi hupitia pamoja na kuyarudisha maji mwilini. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya namna hiyo. Vifo vikashuka hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100.

Nyumbani, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visijazwe kupita ukingo. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Mtoto aendelee kunyonya.

Lakini maji hayo ni ya njiani, si badala ya hospitali. Twasema hivi kwa kuwa zipo nyumba ambamo mgonjwa hufichwa kwa hofu ya kuulizwa makaratasi. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Nendeni wawili au watatu, awemo anayejua Kiingereza au Kizulu, na mseme tangu mlangoni kwamba ni dharura.

Ndoo nayo ifunikwe, maji ya kunywa yachemshwe, yachotwe kwa kata yenye mpini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua jinsi somo linavyosahaulika. Ubandikeni ukurasa huu nyuma ya mlango wa jiko.