Maiki ikilia ukumbini, mchawi yupo kwenye miksa!

Wewe unayependa ubwabwa wa harusi hili unalijua. Mzee wa upande wa bibi harusi kakabidhiwa maiki, kafungua mdomo aseme "Ndugu wageni waalikwa", mara ukumbi mzima wiiiiii! Kina mama wanaziba masikio, watoto wanacheka, mshereheshaji anamnong'oneza mzee aisogeze maiki mbali na mdomo. Masikini mzee wa watu, kosa si lake. Na kwa kumwambia aisogeze mbali, ndo wamezidi kuharibu.

Mwenye kosa kakaa kule pembeni, anazungusha vitufe vya miksa utadhani anatafuta stesheni ya redio.

Wiki hii nasema na ninyi washkaji mnaojipatia riziki kwa kukodisha muziki kwenye shughuli. Mtaji wenu mnaujua: spika mbili, amplifaya, maiki kadhaa na miksa ndogo ya kutoka Kariakoo. Twita zikiungua Jumamosi moja, hela yote ya kazi inahamia kwa fundi. Na kamati ya harusi ikishaudhika, ile nusu ya malipo iliyobaki we isahau tu. Kwa hiyo tusikilizane.

Miksa inatisha kwa wingi wa vitufe, lakini zile chaneli zinafanana. Ukiielewa moja, umezielewa karibu zote. Isome kutoka juu kwenda chini, maana sauti nayo kwa kiasi kikubwa inashuka hivyo hivyo, kama maji kwenye bomba.

Juu kabisa, karibu na unapochomeka waya, kuna kitufe cha kuzungusha kimeandikwa GAIN. Hapa ndipo penye kesi zote! Vijana wengi wanadhani gein ni volyumu ya pili. Siyo kabisa. Maiki inatoa umeme mdogo mno, wa kuhesabu kwa milivolti, wakati kinanda au simu inayopiga muziki inatoa mkubwa zaidi kwa mbali. Kazi ya gein ni kuipandisha ile sauti changa mpaka ifike kimo ambacho miksa inaweza kuifanyia kazi. Na inapandisha kweli kweli: desibeli 40 ni kuzidisha umeme ule mara 100, desibeli 60 ni mara 1,000.

Sasa mtu anaifungua gein mpaka mwisho, halafu anakuja kubana volyumu huku chini, anajiona mjanja. Mjanja wapi! Sauti imeshakatwa vichwa huko juu. Itakwaruza hata ukiipunguza iwe ya kunong'ona, maana maji yakichafukia kwenye tangi, kufunga koki ya jikoni hakuyasafishi.

Fanya hivi. Volyumu kuu iwe chini. Mpe mtu maiki aongee au aimbe kwa nguvu ile ile atakayotumia kwenye shughuli, siyo ile "testi, testi, moja, mbili" ya kuona aibu. Pandisha gein taratibu mpaka taa nyekundu ya PEAK imulike anapopaza sana, kisha irudishe nyuma kidogo. Irudishe kweli, kwa sababu mwimbaji akishaona watu wameinuka kucheza atapaza kuliko alivyopima. Ndipo uweke volyumu ya chaneli kwenye alama ya sifuri, halafu fungua volyumu kuu polepole.

Jirani na gein unaweza kukuta swichi ya kubonyeza imeandikwa HPF au namba 80 au 100. Hiyo inakata ngurumo za chini: vishindo vya miguu jukwaani, upepo wa feni, mkono unaoshikashika maiki. Kwa maiki ya kuongelea ibonyeze bila kuuliza. Kwenye gitaa la besi iache. Ile ya 48V ni ya maiki zinazohitaji kulishwa umeme. Shure SM58, ile maiki maarufu iliyotoka mwaka 1966 na ambayo feki zake zimejaa kila kona, haihitaji. Usichomoe waya wa maiki wakati 48V inawaka na spika ziko wazi, utasikia pu! na roho itakuruka.

Halafu vinakuja vitufe vitatu vya HIGH, MID na LOW. Vikiwa katikati havifanyi kitu, na hilo si kosa. Kwenye Yamaha MG10XU, kwa mfano, LOW inashika hezi 100, MID 2,500 na HIGH 10,000. Wabongo tunapenda besi, najua, na sabufa ikigonga kifuani ndo raha yenyewe. Lakini ukipandisha LOW kwenye maiki ya mzee, ataunguruma kama yumo ndani ya pipa na wageni hawatamwelewa. Zoea kupunguza kinachokera kabla ya kuongeza unachokipenda.

AUX ni koki ya pembeni. Inagawa sauti kidogo iende kwenye monita ya mwimbaji au kwenye mwangwi. Ya monita iwe PRE, ili ukigusa volyumu ya ukumbi usimvuruge anayeimba. Mwangwi ni mtamu kwenye wimbo, kwenye hotuba ni zengwe. Uzime. Na PAN iache katikati, la sivyo meza za upande mmoja zitakula tu bila kusikia.

Turudi kwenye ile filimbi. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inapandishwa, inatoka tena, mchezo hauishi. Mzee akiisogeza maiki mbali, sauti yake inapungua, fundi anaongeza, kelele inazidi. Muombe aisogeze karibu na mdomo, wewe upunguze. Spika zikae mbele ya maiki, si nyuma yake. Na maiki zisizotumika zifunge: kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi yako kabla filimbi haijaanza.

Shughuli ikiisha na kamati imeshakulipa, zima amplifaya kwanza, miksa baadaye. Ukiwasha, miksa itangulie na amplifaya iwe ya mwisho. Wengi wanageuza utaratibu huu, ule mshindo wa pu! unakwenda moja kwa moja kwenye spika, kisha wanashangaa sabufa imeanza kukohoa.