Spika Hufa Kabla ya Mashine

Mafundi redio wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanajua jambo ambalo wenye redio hawapendi kulisikia. Redio ya zamani ikiletwa mezani ikikoroma, mara nyingi ndani yake transista zote ni nzima. Redio kaseti iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado inashika mawimbi vizuri, swichi zinabonyezeka, taa inawaka. Kilichokufa ni spika. Na kwa kuwa spika ni sehemu ya bei ndogo, hakuna aliyewahi kuitunza.

Spika haijabadilika sana tangu Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walipoeleza umbo lake mwaka 1925. Nyuma kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna mwanya mwembamba ambamo koili ya waya inaelea bila kugusa ukuta. Koni ya karatasi imegundishwa kwenye koili hiyo, na ukingo wake umeshikwa kwenye fremu ya chuma. Umeme wa sauti ukipita, koili inasukumwa na kuvutwa, koni inatikisa hewa, nasi tunasikia habari. Transista inafanya kazi bila kusogea hata kidogo. Spika inayumba mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, na imeundwa kwa karatasi, gundi, kitambaa na sponji, vitu ambavyo vyote huoza.

Sponji ndiyo mbaya zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vingi viliweka ukingo wa sponji ya poliurethani kwa sababu ni nyepesi na inatoa besi nzuri. Lakini unyevu wa hewani huikata molekuli kwa molekuli, hata kama redio imefungiwa kabatini bila kuguswa na mtu. Baada ya miaka 15 au 20 sponji inanata vidoleni, kisha inameguka kuwa unga. Mwenye redio hasemi spika imeoza. Anasema redio yake imezeeka.

Hapa Bukavu ugonjwa huo umepata makao. Mji uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei. Nyumba nyingi za milimani zina kuta zinazotoa jasho na madirisha madogo. Spika zenye ukingo wa karatasi tupu, kama zile ndogo za redio za mkononi na za kompyuta, haziponi pia: karatasi inafyonza unyevu, inalegea, inaota ukungu, na mende wanapenda gundi yake. Kiangazi kikifika linakuja vumbi jekundu, na ndani ya vumbi mna chembe za chuma ambazo sumaku inazivuta moja kwa moja mpaka kwenye ule mwanya wa koili.

Halafu kuna mabati. Mvua ya Bukavu ikipiga juu ya bati, hamna anayesikia neno, kwa hiyo mkono unaenda kwenye sauti na kuifungulia mpaka mwisho. Redio ndogo ikisukumwa hivyo haitoi sauti kubwa, inatoa sauti iliyokatwakatwa, na umeme huo uliokatwa unaweza kuipasha koili moto mpaka gundi yake inalainika. Mapile yakiwa yamechoka sauti inakatwakatwa hata zaidi. Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi kwa bisibisi. Mama akifika na kusema, "Papa, redio inakwaruza," yeye anauliza kwanza, "Mama, mapile ulibadilisha lini?" Wengi wanarudi nyumbani na spika yao ileile, wakiwa wamenunua mapile mapya tu.

Naandika haya kwa uzito kwa sababu katika mji huu redio haijawahi kuwa pambo la kabati. Radio Maendeleo ilianzishwa hapa mwaka 1993 na mashirika ya wenyeji, ikafungwa na waasi wa RCD mwaka 1999, ikafungwa tena mwishoni mwa 2002, na kila mara watu waliisubiri irudi. Radio Okapi ilianza Februari 2002 ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Waandishi wake wawili wa Bukavu, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi humu mjini, wa kwanza Juni 2007, wa pili Novemba 2008. Watu walilipa kwa maisha yao ili maneno yafike nyumbani kwetu. Maneno hayo yanapofika mlangoni na kuharibikia kwenye kipande cha karatasi kilichochanika, hilo kwangu si jambo dogo. Na vijijini, ambako vikundi vya wasikilizaji hukusanyika kuzunguka redio moja, spika mbovu inawanyima habari watu wengi kwa mpigo.

Kompyuta za zamani zina shida hiyohiyo, ila kwa sura nyingine. Vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi vya mjini vimeishi kwa kompyuta za mitumba kutoka Ulaya, na ndani ya nyingi kati ya hizo, nyuma ya bati la mbele, kuna spika ndogo pana kama kiganja cha mtoto. Wengi hawajui kama ipo. Kazi yake kubwa ni kusema pale skrini inapokuwa giza. Kompyuta ikiwaka inajipima yenyewe, kisha inalia. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981, mlio mfupi mmoja ulimaanisha mambo ni sawa. Mrefu mmoja na mifupi miwili ulimaanisha kadi ya skrini ina kasoro. Waliotengeneza mashine za baadaye waliendeleza mtindo huo, kila mmoja na orodha yake. Fundi aliyezoea anafunga macho, anasikiliza, anajua aanzie wapi. Spika hiyo ikiwa imekufa, anabaki kubahatisha: anatoa memori, anarudisha, anabadilisha kadi, siku nzima inakwisha. Wapo waliotupa mashine nzima wakidhani imekufa, kumbe ilikuwa inaomba kusafishwa memori tu na haikuwa na sauti ya kusemea.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaohifadhi kompyuta za nyumbani za enzi hizo, Apple II ya mwaka 1977 au ZX Spectrum ya Waingereza ya mwaka 1982. Muziki na sauti za michezo ya mashine hizo vilipitia spika moja ndogo, programu ikiwasha na kuzima umeme wake kwa kasi mpaka sauti inatokea. Wahifadhi hao wanahangaika kutafuta spika za kipimo kilekile cha zamani. Fundi wa Kadutu hatafuti. Anaiumba upya ile iliyopo.

Nimeketi mara nyingi kando ya meza za namna hiyo, na kazi yenyewe ni ya kutazamwa polepole. Fundi anaanza kwa kugusisha pile moja ya volti 1.5 kwenye ncha mbili za spika. Koni ikiruka na kutoa "tak", koili ni nzima. Kisha anaweka ncha za vidole kuizunguka koni na kuisukuma ndani taratibu, sikio karibu. Akisikia mkwaruzo, koili imehama na inasugua sumaku. Hapo anabandua kifuniko kidogo cha katikati kwa wembe, anaingiza vipande vyembamba vya karatasi ngumu kuizunguka koili ili ikae sawa, anakwangua sponji iliyooza na kuifuta fremu kwa spiriti. Ukingo mpya anaukata kwenye kitambaa laini au ngozi nyembamba, anaugundisha, anauacha. Msimu wa mvua gundi inachelewa kukauka, na mteja mwenye haraka ndiye anayeharibu kazi. Karatasi za katikati hazitolewi mpaka gundi ishike kabisa. Koni iliyochanika inazibwa kwa karatasi nyepesi na gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, tabaka moja tu, kwa sababu uzito ukizidi sauti inazama.

Mwisho ni lehemu, kurudisha zile waya mbili za kusuka ambazo mara nyingi hukatikia palepale zinapoingia kwenye koni. Lehemu ya kawaida ni bati zaidi ya nusu, iliyobaki ni risasi. Bati huchimbwa Nyabibwe, eneo la Kalehe, kaskazini mwetu kando ya ziwa hilihili. Linaondoka Kivu likiwa mawe ya kasiterite, linayeyushwa ng'ambo, nasi tunanunua lehemu dukani kwa gramu.

Spika mpya zipo sokoni, na sizikatai. Lakini nyingi zina sumaku nyembamba, na wauzaji hawaangalii namba iliyoandikwa nyuma. Redio iliyotaka omu 8 ikifungwa spika ya omu 4, inavuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, na safari hii transista ndizo zinaungua. Mtu amebadilisha kilichokuwa kibovu akaua kilichokuwa kizima. Kama lazima ununue, nenda na ile ya zamani mkononi, usome namba, ulinganishe.

Maarifa haya yamekaa mikononi mwa wazee wachache, na vijana wanaojifunza leo wanakimbilia simu, kwa kuwa simu ndiyo inayoleta mkate. Siwalaumu. Lakini shule za ufundi tunazo, Fundi Maendeleo ikiwa mojawapo, zenye wanafunzi wa umeme na elektroniki kila mwaka. Spika zilizokufa zimejaa chini ya meza za Kadutu na hazigharimu kitu. Mwalimu akizibeba katoni moja, akamwita mzee mmoja mwenye wembe na spiriti, wanafunzi wa darasa zima watakuwa na spika ya kufungua, kila mtu ya kwake, kabla hawajakabidhiwa kifaa chochote cha bei.