Vijana Wetu na Habari za Waimbaji wa Uingereza

Katika Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, hakuna haja ya kumfundisha mtu kuwa si kila jiwe ling'aalo ni almasi. Mchimbaji mdogo huosha mchanga wake, huuchekecha, kisha huuchambua kwa mkono, ndipo athubutu kusema kuwa amepata. Leo twapenda kuwaomba vijana wa huko, na wa kila mji uliofikiwa na simu, waitumie hekima hiyo katika mazungumzo ambayo wengi wao huyapenda, yaani habari za waimbaji wa Uingereza.

Mazungumzo hayo twayajua. Mmoja humsifu mwimbaji fulani, mwingine humbeza. Wa tatu huleta habari kuwa fulani amesilimu, au amefariki, au amewatukana Waislamu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza habari hiyo imetoka wapi. Kuhusu ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana, wala si kusudi letu kulikata neno hilo hapa. Neno letu ni juu ya ulimi.

Na tumtazame mtu mmoja. Yusuf Islam alizaliwa London mwaka 1948, baba yake Mgiriki wa Kipro na mama yake Mswidi. Kwa jina la Cat Stevens alipata sifa kubwa ya uimbaji tangu miaka ya 1960. Nduguye alimpa nakala ya Kurani. Akaisoma, akaifikiri, na mwishoni mwa mwaka 1977 akasilimu. Aliuacha uimbaji ule, na mwaka 1983 akaanzisha shule ya watoto wa Kiislamu mjini London. Wapenzi wake wengi walisikitika kwa kuacha kwake. Aliporudi na gitaa mwaka 2006, wako Waislamu waliosikitika kwa kurudi kwake. Kila mmoja alikuwa na maoni, na maoni si dhambi.

Lakini uvumi ni jambo jingine. Mwezi wa Septemba 2004 alipanda ndege London kwenda Washington. Ndege ikageuzwa njiani, ikatua katika jimbo la Maine. Akazuiwa kuingia Marekani na kurudishwa kwao. Baadaye magazeti mawili ya Uingereza, The Sun na The Sunday Times, yakaandika kuwa aliunga mkono ugaidi. Mwezi wa Februari 2005 magazeti hayo yalimwomba radhi na kumlipa fidia, naye akasema fedha hizo zitawasaidia mayatima wa tsunami ya Bahari ya Hindi.

Yeye alikuwa na uwezo wa kuyadai magazeti. Je, kijana wa Songwa anayezuliwa neno na wenzake atamshitaki nani? Ndiyo maana Mwenyezi Mungu, katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, ametuamuru tuichunguze habari iletwayo na mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Amri hiyo haikumtoa mwimbaji, wala haikumtoa asiye Mwislamu.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msitosheke na kukemea. Ketini na watoto wenu, mwaulize: Nani amesema? Lini? Wewe umejuaje? Mtoto akisema kuwa Freddie Mercury alikuwa Mwislamu kwa sababu alizaliwa Unguja mwaka 1946, mwambieni kwa upole kuwa wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na kwamba kuzaliwa mahali si ushahidi wa imani. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo juu ya nyimbo atajiuliza hivyo hivyo atakapoletewa habari mbaya ya jirani yake.

Nanyi vijana, pendeni mpendalo kwa kiasi, wala msipeleke mbele neno msilolijua. Neno la uongo likishatoka halirudi kinywani, na aliyechafuliwa jina hulala nalo usiku mzima hali aliyelisema amekwisha kulisahau.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu. Amin.