Picha ya Mateso na Subira ya Ayubu

Msomaji mpenzi, huenda ukashangaa kuniona mimi, mtoto wa chuoni niliyelelewa kwa msahafu, leo nazungumza juu ya picha ya kanisani. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Picha hiyo ilichorwa na Mjerumani Matthias Grünewald, baina ya 1512 na 1516, kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni wa Isenheim. Leo imo katika makumbusho ya Unterlinden, mjini Colmar, Ufaransa. Watawa hao waliwauguza watu wenye maradhi yaliyoitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Asili yake ni kuvu iotayo katika nafaka ya rai, ambayo watu waliifanya mkate. Mgonjwa aliungua mwilini kama aliyetiwa motoni. Vidole na miguu vikaoza naye yu hai, hata ikabidi vikatwe.

Wagonjwa hao walipelekwa mbele ya picha. Wakaona nini? Hawakumwona Yesu aliyetulia kana kwamba amelala. Walimwona msalabani, ngozi imegeuka kijani, imejaa miiba na vidonda, vidole vimekakamaa. Waliuona mwili wao wenyewe! Wakristo huamini kwamba Mungu hakuyatazama maumivu kwa mbali, bali aliyaingia. Mchoraji hakuihubiri itikadi hiyo kwa maneno. Aliichora kwa vidonda. Na siku za sikukuu mbao zikifunguliwa, alionekana yule yule amefufuka, ngozi safi inang'ara.

Sisi twaamini kwamba Nabii Isa hakusulubiwa, wala Mitume hatuwachori. Katika hayo sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini ndugu yangu alipokatwa mguu kwa maradhi ya sukari, nilimwendea na mawaidha tele: subiri, huu ni mtihani. Akanigeuzia kisogo. Usiku ule mama yetu aliketi kando ya kitanda, akamsomea utenzi wa Ayubu, nabii aliyeliwa na maradhi mwilini. Ndugu yangu akalia, kisha akaomba uji.

Hapo ndipo nilipoifahamu kazi ya picha ile. Mgonjwa hana haja ya kufasiriwa maumivu yake. Ataka kujua kwamba aliyemtangulia katika njia hiyo alikuwa mja mwema, hakuwa mlaaniwa.

Kumzuru mgonjwa ni sunna. Basi, ndugu yangu, ukienda, punguza mawaidha, keti naye.